Majina ya Mahali Petu: Jadotville, Likasi na Kitabu cha Ubatizo



Desturi ya vitabu vya Jubilei ni kuhesabu mapadri waliopita, majengo yaliyosimamishwa, batizo na ndoa. Hesabu hizo mtazikuta katika kurasa nyingine. Sisi tumeombwa kuandika juu ya jambo ambalo kila mtu analitumia kila siku bila kulitazama, yaani majina ya mahali. Tutaeleza jinsi majina ya mji huu na ya inchi hii yalivyotolewa, yakageuzwa, na mengine yakarudishwa. Tena tutaonyesha kwamba kitabu cha ubatizo, kile kilichofungiwa katika kabati la sakristia, chatufundisha namna iliyo njema ya kuyatunza. Maana jina la mahali halijitunzi lenyewe. Lisipoandikwa vizuri lapotea, na likiandikwa vibaya laweza kuwaumiza watu.

I. Jina la mahali ni urithi

Tuanze na neno lenyewe. Sisi tunaosema Kiswahili twasema jina. Waluba husema dijina. Wabemba husema ishina. Atakayesikiliza atatambua kwamba haya ni matawi ya mti mmoja. Ndivyo yalivyo pia majina ya mito yetu. Tazameni: Lufira, Lualaba, Luapula, Lubumbashi, Luvua, Lukuga. Mwanzo wao ni mmoja, lu-, na katika lugha zetu nyingi mwanzo huo hutumika kwa vitu virefu na vyembamba, kama vile ulimi, ambao Kiluba huuita ludimi. Basi mgeni asiyejua kitu juu ya inchi hii, akisoma karata ya jiografia na kuona majina mengi yanayoanza hivyo, angeweza kusema bila kukosea sana: hapa pana mito, na walioipa majina walisema lugha za jamaa moja.

Komini nne za mji wetu zinaitwa Likasi, Kikula, Panda na Shituru. Hakuna hata moja yenye jina la mtu wa ng'ambo. Majina haya yalisemwa kabla ya barabara, kabla ya reli na kabla ya kiwanda. Kiwanda cha Shituru kilipoanza kutoa shaba kwa nguvu za umeme mwaka 1929, hakikuliletea jina mahali pale. Chenyewe kilichukua jina kililolikuta.

Tena jina hudumu kuliko kitu chenyewe. Katika inchi ya machimbo twalijua jambo hilo kuliko wengine. Kilima huchimbwa mwaka baada ya mwaka hata kikageuka shimo, lakini shimo lachukua jina la kilima. Bwawa la Mwadingusha lilipozuia maji ya Lufira, tambarare kubwa ilifunikwa na ziwa ambalo leo twaliita Tshangalele. Wavuvi wa leo wanapiga makasia juu ya mahali ambapo zamani watu walipita kwa miguu. Vijito vilivyokuwa chini ya maji hayo havionekani tena, na kama majina yao hayakuandikwa, nani atayajua wazee wakiisha kwenda?

II. Wakati wa majina yenye «ville»

Wazungu walipofika hawakukuta inchi isiyo na majina. Katanga lilikuwa jina la sultani mmoja na la kijiji chake kabla ya kuwa jina la inchi yote. Mmisionari Mprotestanti Frederick Arnot aliingia Bunkeya, mji wa Mfalme Msiri, mwaka 1886, na kitabu alichotoa mwaka 1889 alikiita Garenganze, kwa maana ndivyo ufalme wa Wayeke ulivyoitwa. Mwaka 1891 wakafika Paul Le Marinel na baadaye Alexandre Delcommune. Tarehe 20 Desemba mwaka ule Msiri aliuawa. Mwaka 1892 ukapita msafara wa Kapiteni Bia na Luteni Francqui. Bia alikufa huko Tenke, na Francqui akaendelea na safari. Pamoja nao alikuwapo mjuzi wa mawe, Jules Cornet, aliyechunguza machimbo ya shaba ya wenyeji, kati yao Kambove na Likasi. Hivi jina la Likasi liliingia katika maandiko ya wataalamu kabla ya mji wenyewe kujengwa.

Lakini kadiri utawala ulivyokaa, majina ya wageni yalipandwa juu ya majina ya inchi. Maporomoko ya Mwadingusha yaliitwa ya Cornet. Kiwanda cha umeme kilichojengwa hapo mwaka 1930 kiliitwa Francqui. Kile cha Koni kiliitwa Bia. Cha Nzilo kiliitwa Delcommune. Cha Nseke kiliitwa Le Marinel. Msomaji ataona kwamba wale wote waliopita hapa katika muda wa miaka miwili hivi walipewa kila mmoja sehemu yake katika mito yetu. Leo tumerudi kusema Mwadingusha, Koni, Nzilo na Nseke.

Kwa miji, desturi ilikuwa kuchukua jina la mkubwa na kuongeza neno la Kifaransa «ville», maana yake mji. Ndipo tukawa na Léopoldville kwa heshima ya mfalme, Elisabethville ya malkia, Albertville ya mwana wa ukoo wa kifalme aliyekuja kuwa mfalme, Stanleyville ya msafiri, Coquilhatville ya afisa, Banningville ya mtumishi wa serikali, Thysville ya mwenye reli. Mji wetu uliitwa Jadotville. Jean Jadot, aliyezaliwa Ubelgiji mwaka 1862 na kufa mwaka 1932, alikuwa mhandisi. Alisimamia ujenzi wa reli ya Pékin hata Hankow huko China, kisha akawa mmoja wa waliounda Union Minière du Haut-Katanga na kampuni ya reli ya B.C.K. mwaka 1906. Wageni wetu mapadri wasimchanganye na Askofu Mkuu Jean Jadot, aliyekuwa mjumbe wa Papa katika inchi ya Marekani toka 1973 hata 1980.

Hatuandiki haya ili kumdharau mtu. Alikuwa na akili na kazi yake yaonekana. Lakini jina Jadotville halikueleza neno lo lote juu ya mahali hapa: wala mto wake, wala kilima, wala watu. Hata kulisoma kulikuwa kazi, kwa kuwa herufi t ya katikati yaandikwa lakini haitamkwi.

Ni haki kusema kwamba Eklezya nayo ilifuata desturi ile. Mapadri Weupe waliiita misioni yao ya Kirungu, upande wa Tanganyika, Baudouinville, kwa ukumbusho wa Prinsi Baudouin aliyekufa mwaka 1891. Lakini mapadri wale wale, walipopokea kituo cha Mpala mwaka 1885, waliliacha jina la Mpala, lililo jina la sultani wa pale, na hata leo Mpala ni Mpala. Leo diosezi ya upande ule yaitwa Kalemie-Kirungu. Albertville na Baudouinville, majina mawili ya wana wa wafalme, yote mawili yametoka, na majina ya wenyeji yamekaa pamoja katika jina la diosezi moja.

Je, wakati ule jina la Likasi lilikufa? Hapana. Lilibaki jina la chimbo. Mwaka 1955, mji ukiwa bado unaitwa Jadotville katika karatasi zote za serikali, wataalamu walieleza jiwe jipya la rangi ya buluu lililotoka katika chimbo hilo, nao wakaliita «likasite». Jina la wenyeji likaingia katika vitabu vya mawe vya dunia nzima miaka kumi na mmoja kabla ya kurudishwa katika kibao cha mji.

III. Mwaka 1966 na miaka iliyofuata

Bukavu ndiyo iliyotangulia. Jina la Costermansville liliachwa kabla ya uhuru, katika miaka ya 1950. Lakini mabadiliko makubwa yalikuja mwaka 1966, kwa amri ya Rais Mobutu. Léopoldville ikawa Kinshasa, Stanleyville Kisangani, Elisabethville Lubumbashi, Coquilhatville Mbandaka, Albertville Kalemie, Banningville Bandundu, Luluabourg Kananga, Thysville Mbanza-Ngungu, na Jadotville ikawa Likasi. Mwaka uo huo Jimbo Kuu la Eklezya la Elisabethville likaitwa la Lubumbashi.

Tukumbuke ni kitu gani kilichokuwa kimefungwa katika jina Jadotville siku zile. Katanga ilikuwa imejitenga toka tarehe 11 Julai 1960 hata Januari 1963. Katika Septemba 1961 askari zaidi ya 150 wa Ireland, waliotumwa na Umoja wa Mataifa, walizungukwa hapa, wakapigana siku tano, wakakamatwa walipoishiwa risasi na maji. Katika Januari 1963 majeshi ya Umoja wa Mataifa yakaingia mjini. Kwa watu wetu, Jadotville lilikuwa jina la utawala uliopita na la vita iliyofuata. Lakini kwa Waayalandi limekuwa jina la uvumilivu wa vijana wao: mwaka 2017 serikali yao iliwapa askari wale nishani yenye jina Jadotville. Hivi jina tulilolivua sisi lavaliwa kifuani na wazee wa inchi ya mbali. Ndiyo desturi ya majina: serikali yaweza kuliondoa katika kibao, haiwezi kuliondoa katika kumbukumbu ya waliolipitia.

Baada ya miji ikafuata inchi yenyewe. Tarehe 27 Oktoba 1971 Kongo ikaitwa Zaire, na mto vilevile. Jina lile lilitangazwa kuwa la asili. Kwa kweli ni neno la Kikongo nzadi, maana yake mto, jinsi Wareno wa zamani walivyolisikia na kuliandika vibaya. Nayo Katanga ikaitwa Shaba, ili jina lililokumbusha kujitenga lisisikike tena. Hapa twaomba wasomaji wafikiri kidogo. Shaba ni neno la Kiswahili, nasi twalipenda Kiswahili. Lakini wazee wa inchi hii, waliochimba na kuyeyusha madini haya karne nyingi, hawakuyaita shaba. Waliyaita mukuba. Monsinyori Jean-Félix de Hemptinne, Mbenedikto aliyefika mwaka 1910 na kuongoza Eklezya ya Katanga, aliandika mwaka 1926 juu ya wayeyushaji hao na jina lao la «walaji wa shaba». Ng'ambo ya mpaka, huko Kitwe katika Zambia, chuo kikuu kimoja chaitwa Mukuba. Kumbe sisi, katika kutafuta jina la asili, tulichukua neno la pwani na kuliacha la nyumbani.

Mwanzoni mwa mwaka 1972 amri iligusa hata majina ya watu: majina ya watakatifu yakakatazwa, na Kardinali Joseph Malula, aliyepinga, alilazimika kukaa Roma miezi kadhaa. Wazee wetu wanakumbuka ugumu wa kuandika katika vitabu vya ubatizo siku zile. Mwaka 1997 Zaire ikaitwa tena Kongo, na Shaba ikaitwa tena Katanga. Lakini hakuna aliyerudisha Jadotville wala Léopoldville. Majina ya mwaka 1966 yamekaa kwa sababu yalikuwa yamekaa tangu zamani. Mwaka 2015 Katanga ikagawanywa katika provinsi nne: Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika. Tatu kati ya hizo zimechukua majina ya mito na ziwa.

IV. Mtu asiyehama

Sasa tumfikirie mama mmoja aliyezaliwa katika mji huu mwaka 1959, asiyeuhama hata siku moja. Alizaliwa Jadotville, katika provinsi ya Katanga, katika Kongo ya Wabelgiji. Alipokuwa na mwaka mmoja, inchi ilipata uhuru, na muda wa majuma mawili tu ukapita kabla ya kuhesabiwa kuwa mtoto wa dola lililojitenga. Alipoanza shule, mji wake uliitwa Likasi. Kabla ya kumaliza shule alikuwa raia wa Zaire, katika Shaba. Akiwa na miaka thelathini na minane, akawa tena raia wa Kongo, katika Katanga. Leo ni bibi wa Haut-Katanga.

Mama huyo hakuhama. Majina ndiyo yaliyohama juu ya kichwa chake. Na siku atakapoomba cheti kwa ajili ya urithi, safari au pensheni ya marehemu mumewe, karatasi yake moja itasema Jadotville, nyingine Likasi. Moja Shaba, nyingine Katanga. Karani kijana, aliyezaliwa baada ya mambo hayo, aweza kumwambia: karatasi hizi si za mtu mmoja. Atamtuma kwenda na kurudi, na kila mwendo una nauli yake. Tumewaona watu wa namna hii wakiketi katika benchi la nje ya ofisi hii na ile, bahasha mkononi. Hapo ndipo tunapofahamu kwamba elimu ya majina ya mahali si mchezo wa wasomi. Ni mkate wa mjane.

V. Andika pembeni, usifute

Mara nyingi watu wa namna hiyo huja mwishoni mlangoni pa sakristia, kwa kuwa kitabu cha ubatizo kimewatangulia wote. Sheria ya Eklezya, kanoni 877, yataka paroko aandike bila kukawia jina la mbatizwa, wazazi wake, wasimamizi, mahali na siku ya ubatizo, tena mahali na siku ya kuzaliwa. Tazameni jinsi kitabu hicho kinavyofanya kazi. Kilichoandikwa siku ya ubatizo hakifutwi. Mtoto akikua, akapokea kipaimara, akafunga ndoa au kupewa daraja, neno hilo jipya laongezwa pembeni mwa jina lake, pamoja na tarehe. Basi katika ukurasa mmoja twasoma mtu alivyokuwa na alivyokuja kuwa, wala neno la pili haliliui la kwanza.

Twaona kwamba mahali pastahili kutunzwa kwa namna iyo hiyo. Anayezaliwa mwaka 1959 amezaliwa Jadotville. Ndivyo ilivyoandikwa na iachwe hivyo. Lakini anayetoa cheti leo aongeze kwa mabano: leo Likasi. Maneno mawili tu, na mjane hatatumwa tena kwenda na kurudi.

Maandiko Matakatifu yanafanya vivyo hivyo. Katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 28, Yakobo anapaita Beteli mahali alipoota ndoto ya ngazi, na mwandishi hakosi kutuambia kwamba zamani mji ule uliitwa Luzi. Sura ya 23 yatueleza kwamba Sara alikufa Kiriati-Arba, ndiyo Hebroni. Mwandishi mtakatifu alijua kwamba wasomaji wake wengine walilijua jina moja, wengine la pili, naye akawapa yote mawili. Tena Mtakatifu Petro alimkiri Kristu katika mipaka ya Kaisaria ya Filipo, mji uliopewa jina la Kaisari na la mwana wa Herode, kama vile Jadotville ya zamani zile. Kabla ya hapo mahali pale paliitwa Paneas. Leo panaitwa Banias. Jina la wakubwa limepita, na la wenyeji limerudi likiwa limekwaruzwa kidogo tu na vinywa vya watu. Lakini tusingejua Injili yasema juu ya mahali gani kama lile la Kaisaria lingefutwa.

Eklezya ina mfano mwingine. Kanoni 1218 yasema kila kanisa liwe na jina lake, nalo lisigeuzwe baada ya kuwekwa wakfu. Ndiyo sababu, wakati mji ulipokuwa ukibadilisha majina, kengele za makanisa yetu ziliita watu kwa majina ya watakatifu wale wale.

VI. Jina lisiwe fimbo

Hatuwezi kuandika juu ya majina ya mahali katika Likasi na kunyamaza juu ya miaka 1992 na 1993. Katika miaka ile maelfu mengi ya ndugu zetu wenye asili ya Kasai walifukuzwa katika nyumba zao mjini humu na Kolwezi. Walilala siku nyingi katika kituo cha reli na katika shule, wakingoja treni ya kuwapeleka mahali palipoitwa kwao. Wengi wao walikufa kwa magonjwa na uchovu. Kati yao walikuwapo watoto waliozaliwa hapa, wa wazazi waliozaliwa hapa, wasioijua Kasai ila kwa jina. Babu zao waliletwa na kampuni kufanya kazi katika machimbo, nao walikijenga Kiswahili hiki tunachokisema pamoja na Wasanga, Walamba, Wayeke, Wabemba na Waluba wa Katanga.

Karatasi nyingi za inchi yetu haziridhiki kuuliza mahali mtu alipozaliwa. Zauliza pia mahali pa asili yake. Jina la kijiji ambacho mtoto hajapata kukiona lilitosha siku zile kumnyang'anya nyumba. Kitabu cha ubatizo hakiulizi hivyo. Chauliza umezaliwa wapi, na wazazi wako ni nani. Wale waliofukuzwa, majina yao hayakufukuzwa katika vitabu vya maparokia. Mtoto aliyezaliwa Likasi mwaka 1985 ameandikwa amezaliwa Likasi, na hata akiwa leo Mbuji-Mayi au Kananga, kitabu chashuhudia hivyo mpaka mwisho wa dunia.

Twaona haya kuyakumbuka, lakini Jubilei katika Maandiko ni mwaka wa kumrudishia mtu milki yake. Tukishindwa kurudisha nyumba, tusikose kurudisha ukweli: wao nao ni watu wa mahali hapa.

VII. Kazi inayobaki

Mataifa ya dunia yamefikiri juu ya mambo haya. Mwaka 1967, mwaka mmoja tu baada ya Jadotville kuwa Likasi, Umoja wa Mataifa ulikusanya huko Geneva mkutano wa kwanza juu ya utaratibu wa majina ya mahali. Mikutano kumi na mmoja ilifanyika hata ule wa New York mwaka 2017. Mashauri yake ya kwanza ni rahisi kufahamu: kila inchi iwe na ofisi ya kuangalia majina yake, majina yakusanywe vijijini, kwa watu wanaoyatumia, jinsi wanavyoyatamka, yasigeuzwe pasipo sababu. Mwaka 2002, huko Berlin, waliongeza kwamba si vema kupaita mahali kwa jina la mtu aliye hai bado. Sisi Wakongo twajua sababu. Mwaka 1973 ziwa Albert liliitwa Mobutu Sese Seko, na ziwa Edward liliitwa Idi Amin Dada, wenyewe wakiwa hai. Amin aliangushwa mwaka 1979 na Mobutu mwaka 1997, na majina yakaanguka pamoja nao. Hata malkia Victoria alikuwa hai, naye aliishi zaidi ya miaka arobaini tena, wakati Mwingereza Speke alipolipa ziwa la Nyanza jina lake mwaka 1858.

Karata za inchi ni kazi ya Taasisi ya Jiografia ya Kongo. Lakini mtaalamu wa Kinshasa hawezi kujua jina la kila kijito cha kando ya Lufira. Bibi anayelima pale alijua tangu utoto. Kwa hiyo twaleta shauri hili mbele ya baraza la parokia, kwamba kila jumuiya hai inunue daftari moja, na vijana waliosoma wakae na wazee wao, waandike majina ya mito, vilima, visima, mashamba, kartie na makambi ya zamani ya wafanyakazi.

Kwa kila jina waandike mambo sita. Kwanza, jina jinsi mzee anavyolitamka. Pili, ni jina la kitu gani, na kiko upande gani. Tatu, ni la lugha gani. Nne, maana yake jinsi inavyosimuliwa. Tano, majina mengine ya mahali pale, ya zamani au ya sasa, pamoja na miaka yake. Sita, nani aliyesimulia, na siku gani.

Juu ya maana, tunawaonya vijana wasifanye haraka. Watu hupenda kulifasiri jina kwa kulifananisha na neno wanalolijua, hata kama ni la lugha nyingine. Wazee wawili wakitoa maana mbili, msiamue nani ana haki. Andikeni zote mbili na majina ya wasemaji. Juu ya herufi vilevile: mmoja ataandika Tshangalele kwa desturi ya Kifaransa, mwingine Changalele kwa desturi ya Kiswahili, mmoja Kakontwe, mwingine Kakontue, mmoja Mwadingusha, mwingine Muadingusha. Chagueni namna moja ya kutumia siku zote, lakini ile nyingine msiifute. Andikeni pembeni.

Madaftari hayo yakijaa, tunaomba yahifadhiwe katika kabati lile lile la vitabu vya ubatizo, na nakala ipelekwe komini. Tunawaomba pia mababa mapadri wageni, watakaporudi katika maparokia yao ya Kambove, Kapolowe, Kolwezi na Lubumbashi, wawaambie watu wao wafanye kama sisi, kwa maana mito haisimami katika mpaka wa parokia.

Mwisho, twaomba ruhusa ya kuwaambia wenye kutoa vyeti, wa Eklezya na wa serikali: mtu akija na karatasi iliyoandikwa Jadotville, msimwambie kwamba mji huo haupo. Upo. Ameketi mbele yenu mtu aliyezaliwa ndani yake.